Mama Asiseme Neno

...na asiseme, hata akiona moto umepanda mpaka kwenye pazia asiseme, ndivyo walivyokubaliana, neno moja tu likimponyoka Herminia basi ameshindwa, na binti yake Nereida anakwenda zake mjini Hermosillo, na Nereida naye akiomba msaada, akisema tu mama hebu nishikie hiki, basi Nereida ndiye aliyeshindwa na habari ya Hermosillo haitatajwa tena humu ndani, na shahidi ni wifi yake Licha, huyo hapo upande wa pili wa meza, viwiko mezani na kikombe cha kahawa katikati, amejaa kiti kizima kwa raha, maana wifi huyu hajawahi kumwona Herminia akinyamaza hata kwa muda wa kuvuka barabara na leo amekuja kutazama sinema ya bure, haya, atazame, na Herminia amekaa jikoni kwake mwenyewe, kwenye kiti chake mwenyewe, kama mgeni aliyekuja kutoa pole, mikono ameikalia, ndiyo, viganja viko chini ya mapaja, maana mikono hii haina adabu, ikimwona Nereida karibu na kitu cha moto inaruka bila kumuuliza mwenyewe, imeruka hivyo miaka ishirini na moja, ni mikono iliyozoea vibaya... na Baudelio, baba wa huyu mtoto, yuko nje amelala chini ya gari lake, miguu tu ndiyo inaonekana, amesema yeye hayumo, mashindano ya wanawake wawili wenye vichwa vigumu yeye hayumo, lakini mbona gari amelileta mpaka chini ya dirisha la jiko, siku zote analitengenezea kule mbele kwenye kivuli, leo kaleta hapa juani, na spana hailii, mtu gani anayetengeneza gari kimya kimya hivyo, anasikiliza huyo, anajidai hayumo na masikio yote yako ndani.

Tortilla ya mwisho hiyo, Nereida ameshika donge la unga, analipiga kiganja hiki na hiki, pa, pa, pa, linatanuka, analipitisha kwenye mkono mpaka kwenye kiwiko na kulirudisha, jembamba, mwanga wa dirisha unapita ndani yake na yeye hauoni huo mwanga, hajawahi kuuona, alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo, mwekundu, kila kitu kilikuwa kimekamilika isipokuwa macho, macho hayakuwahi, daktari alisema hivyo hivyo tu, hayakuwahi, kama mtu aliyekosa basi, na Herminia alimtazama yule kiumbe kwenye kitambaa akasema sawa, kama ni hivyo basi mimi nitakuwa nasema, nitamwambia kila kitu, na alisema kweli, Mungu ni shahidi, hakupumzika, hapa pana ngazi, hapa pana mbwa wa fundi viatu ana doa jeupe kwenye jicho, huyu anayekuja ni padri amevaa kofia mpya haimpendezi, mlima leo ni wa zambarau, zambarau ni ile rangi ya kitu kilichopoa, mji mzima wa Aconchi ulizoea kumsikia Herminia kabla hajatokeza kwenye kona, na watu wakacheka, wacheke, mdomo wangu ndio macho ya mwanangu, alikuwa akiwajibu, na aliposema hivyo alijisikia mtu wa maana kuliko mke wa mwenyekiti... sasa inaungua hiyo, upande wa chini unaungua, geuza mwanangu, geuza, anasema Herminia ndani ya meno, na Nereida amesimama tu mbele ya bamba la chuma, kichwa kimeinama upande kidogo, kisha vidole viwili vinashuka, vinashika ukingo, vinageuza, na tortilla inafura pale pale, inajaa hewa, inanyanyuka kama inataka kuondoka yenyewe, na wifi Licha anacheka na kusema lile wanalolisema mashangazi wote wa bonde hili tortilla ya msichana ikifura, kwamba huyu sasa wa kuolewa, wala Nereida hageuki, anamjibu kwamba shangazi, zako zinafura tangu babu yuko hai na harusi yako bado tunaisubiri, na Licha anapiga meza kwa kiganja, mshenzi wewe, anasema, na anacheka mpaka kahawa inamwagika, na chini ya dirisha pia kuna mtu amecheka, si nilisema.

Kuolewa ingekuwa afadhali, mume ana macho, mume hata akiwa mpumbavu ataona sufuria inayochemka, lakini huyu hataki mume, huyu anataka kupanga chumba na mwenzake Yuridia aliyesoma naye, huyo Yuridia mwenyewe anaona kwa jicho moja na miwani minene kama vitako vya chupa, na kazi waliyopata ni kupokea simu kwenye kampuni ya teksi, jamani, teksi, mtu ambaye hajaona barabara hata moja ndiye atakayewaambia madereva waende wapi, Herminia alicheka siku ile alipoambiwa, alicheka kicheko kibaya, alikisikia mwenyewe kwamba ni kibaya, na Nereida akamsubiri amalize, halafu akamtajia Hermosillo mtaa kwa mtaa kutoka stendi ya mabasi mpaka hospitali kuu, kona kwa kona, amejifunza kwa kusikiliza, hakukosea, na Herminia alipoishiwa na la kusema akakimbilia habari ya jiko, akasema na jikoni je, nani atakuwashia jiko, nani atakukaangia, utakula mikate mikavu, na hapo ndipo Nereida alipoliokota, akasema kwa sauti ya chini ile aliyoirithi kwa baba yake, «Basi Jumapili nitawakaangia chivichanga, mama. Wewe utakaa. Na hutasema neno.» Chivichanga, akachagua chivichanga makusudi, hakusema maharage, hakusema supu, akachagua kitu cha kutumbukizwa kwenye mafuta yanayochemka, vikunjo vidogo vya tortilla na nyama ndani, ukikunja vibaya vinafunguka, ukiweka mshono juu vinafunguka, nyama ikiwa na mchuzi vinapasuka na mafuta yanaruka mpaka usoni, kila mwanamke wa hapa ana alama yake ya chivichanga, Herminia anayo kwenye kifundo cha mkono, Licha anayo shingoni, na nyama atapika mama, alisema Nereida, nyama yako haina mfano, mimi nitafanya mengine yote.

Nyama atapika mama. Sufuria ile pale mwisho wa meza, imefunikwa, ya bluu, na Herminia hataki kuitazama na haitazami, anatazama kalenda, anatazama kikombe cha Licha... Licha anasimulia kitu, binamu yao kule Cananea na mbuzi wa harusi, mbuzi aliingia kanisani, Herminia anaitikia kwa kichwa, mbuzi, ndiyo, mbuzi, lakini macho yamekwisha kwenda kwenye sufuria, jana aliipika vizuri, pilipili kavu nyekundu aliziloweka akazisaga na kitunguu saumu na bizari na majani ya oregano ya mlimani, nyama akaikaanga mpaka ikashika rangi, akamimina rojo, akakoroga, na nyama ya chivichanga inajulikana, mtoto mdogo anajua, unaikoroga motoni mpaka ukipitisha mwiko chini ya sufuria unaona njia, chini panabaki pakavu, mchuzi haurudi, hapo ndipo unazima, na jana alipitisha mwiko na njia ikafunga, mchuzi ulirudi, bado kidogo, bado robo saa tu, na akazima... mgongo ulikuwa unauma, ndiyo, mgongo ulikuwa unauma na jirani alikuwa anagonga mlango, lakini jirani aligonga baadaye, jirani aligonga Herminia akiwa amekwisha kufunika, usijidanganye wewe mwanamke, uliona njia imefunga, ukatazama mlangoni kama kuna mtu, ukafunika, sasa kwa nini mtu atazame mlangoni anapofunika sufuria yake mwenyewe? Hakutaka aungue, hapana, Mungu apishe mbali, alitaka tu kimoja kipasuke, kelele kidogo, mafuta yaruke sakafuni, Nereida ashtuke na kusema mama, neno hilo moja tu, mama, kama alivyokuwa akisema giza la asubuhi akiamka, na mambo yaishe, wakae mezani wote watatu, waendelee kama zamani, hivyo ndivyo alivyotaka, na limekaa kifuani tangu jana kama mfupa wa samaki, na kulisema hawezi, hata kama angetaka kulisema sasa hivi hawezi, maana akisema neno ameshindwa.

Na huyu hapa anakwenda, anakausha mikono, anapapasa meza kwa mgongo wa vidole, sukari, chumvi, kopo la zile pilipili ndogo za porini, anafika kwenye sufuria, anafunua, mvuke hakuna, imepoa, harufu inapanda tu, na Licha anasema nyama ya wifi yangu jamani, hata maiti atakaa kitako, na Nereida anachovya kijiko, ananyanyua, na kijiko kinabaki hewani. Tone. Kimya. Tone. Herminia anayasikia, kwa mara ya kwanza jikoni humu anasikia tone la mchuzi likirudi sufuriani, dogo kabisa, Licha hajalisikia maana yuko na mbuzi wake kanisani, lakini Nereida amelisikia, uso wake umetulia kabisa, kichwa kimeinama, anarudia, anachovya, ananyanyua, anasubiri, tone, tone, na polepole uso ule unageukia upande huu, upande wa kiti cha mama yake, si macho, macho yake hayajui kwenda mahali, uso mzima, paji na shavu na sikio, unamgeukia na kukaa hapo, na Herminia anazidi kuvikalia viganja vyake, amejua, amejua huyu, mimi sikosei nyama, anajua sikosei nyama, amekula nyama hii maisha yake yote, anajua ilivyo, sasa atasema, atasema shangazi shahidi uko hapa, njoo uonje, njoo uone mama alivyofanya, na ana haki, na ningekuwa mimi ningesema, ningesema mpaka mtaa wa pili wasikie.

Nereida anarudisha sufuria juu ya jiko. Anawasha moto, kiberiti kinakwaruza, gesi inavuma, anachukua mwiko na kuanza kukoroga, na wifi Licha, ambaye masikio yake huamka tu panapokuwa na neno la kupeleka kwingine, anauliza mbona nyama iliyokwisha kupikwa inarudi motoni, na Herminia anafumba macho, basi, ndiyo hiyo, na anasikia sauti ya binti yake, nyepesi, haina kitu ndani yake, «Mimi naipenda kavu kidogo, shangazi. Mama alipika yake, mimi natia yangu.» Na mbuzi anaendelea kanisani. Na mwiko unaendelea sufuriani. Na Herminia hafumbui macho, hawezi, kwa sababu kuna kitu kimemjia, si aibu peke yake, aibu anaijua, aibu ni moto na inakaa mashavuni, hiki ni kikubwa zaidi, hiki ni kama siku ile alipopelekwa kuona bahari kule Guaymas akiwa msichana, akashuka garini anaongea, anaongea, akainua uso, akanyamaza, maana ilikuwa kubwa na hakuna aliyekuwa amemwambia, na baba yake akamuuliza umemezwa ulimi, na alikuwa amemezwa kweli... nimemzaa nani mimi, anawaza, huyu ni nani amesimama jikoni kwangu, amenishika mkono ndani ya mfuko na ameuachia, amenifunika, mimi nimemfunikia sufuria na yeye amenifunika mimi, wala hakufikiri, haikumchukua hata pumzi moja, mtu anajifunzia wapi hayo, mimi sikumfundisha, mimi nilimfundisha zambarau.

Na kule kwenye ukumbi siku ya sherehe ya miaka yake kumi na mitano, umri ambao huku msichana huchezewa ngoma ya ukubwa, alipovaa lile gauni la rangi ya waridi, rangi aliyomchagulia mama, na baba yake akamshika kwa ajili ya dansi, watu wote wameketi, bendi imeanza, na Herminia kando ya ukumbi anasema, anadhani ananong'ona, kushoto, sasa kulia, mguu nyuma, Nere, nyuma, kuna waya, na bendi ikawa inamsikia, watu wakawa wanamsikia, na Nereida akasimama katikati ya ukumbi, akasema bila kupandisha sauti, mama, siusikii muziki... Herminia alilia siku ile, alilia kwa hasira nyuma ya jiko la ukumbi akisema huyo hana shukrani, nimempa macho yangu, na Baudelio akasimama naye na suti yake inayombana, akasema Minia, hajasema hataki macho yako, amesema hausikii muziki, na yeye akamwambia nenda zako huko, wewe na upole wako wa ng'ombe, na hakulifikiria tena, miaka sita hakulifikiria, mpaka sasa, macho yamefumbwa, mdomo umefumbwa, mwiko unapita chini ya sufuria, na mlio unabadilika, mwanzo ulikuwa unalowa, mzito, sasa unakwaruza, sasa chuma kinasikika, njia inabaki wazi, hakuna haja ya kuitazama, inasikika kabisa kwamba njia inabaki wazi, na wakati huo huo, pale pale, gesi inazimwa.

Anafumbua macho haraka kama mtu aliyesinzia kanisani. Nereida amekwisha kuanza kukunja, tortilla iko mezani, nyama kiasi cha kijiko, si katikati, karibu na yeye, anafunika ukingo wa kwanza, anaingiza pembe mbili ndani, anaviringisha, anabana kwa kidole gumba, kidogo, kigumu, kinalala mshono chini, kingine, vinapangana kwenye sinia, na mafuta sasa, donge jeupe la mafuta ya nguruwe limetiwa kikaangoni na linateleza, linakuwa maji, moto mkubwa huo, hapana, si mkubwa, ni sawa, moto uko sawa, Herminia anagombana na kinywa chake mwenyewe, na kitambaa, kitambaa kile cha kukaushia mikono kiko karibu na moto, ncha yake iko karibu, siko tayari kuona hili, hili silo nililolitaka, Mungu wangu, mimi nilitaka mafuta sakafuni, sikutaka moto kwenye sketi, nitasema, hili nitasema, aende Hermosillo, aende hata China, lakini nitasema... na mkono wa Nereida unapita pembeni ya jiko kama unavyopita kila anapoanza jambo, mgongo wa vidole, taratibu, unakuta kitambaa, unakiondoa na kukitupa begani, wala hajui kwamba hapa nyuma yake kuna mtu amekufa na kufufuka. Licha amenyamaza sasa. Hata Licha. Mbuzi amemwacha kanisani, kikombe kiko nusu ya njia kwenda mdomoni, na chini ya dirisha hakuna spana, hakuna kikohozi, kuna kipara cha Baudelio kimechomoza juu ya ukingo wa dirisha kama jiwe, amesimama huyo, ameacha kujidai.

Nereida anachukua kipande cha unga kidogo kama ukucha, anakidondosha kwenye mafuta. Kimya. Anasubiri. Kinaanza, sss, dogo, la chini, bado, anasubiri, na Herminia anaona kwamba yeye siku zote hutazama rangi, akiona kipande kimekuwa cha dhahabu ndipo anajua, miaka arobaini anatazama rangi, sasa binti huyu anasubiri nini, anamtazama, anaona anavyosubiri, si kwa woga, amesimama kama mtu anayesikiliza mtu mwingine akimwambia jambo na hataki kumkatiza, na Herminia anafikiri, mimi sijawahi kusimama hivyo mbele ya kitu chochote, hata mbele ya altare, hata altare nilikuwa namwambia padri kavaa nini. Anafumba macho tena. Mwenyewe, kwa hiari. Nani atamzuia, hajasema neno, kufumba macho hakumo kwenye makubaliano.

Na kumbe jiko limejaa. Kumbe kulikuwa na jiko zima humu ndani... friji linavuma kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, bomba linadondosha kwa mbali, kiti cha Licha kinalia kidogo kila anapovuta pumzi, upepo unapita kwenye wavu wa mlango, mbwa anajikuna na mnyororo, Baudelio anapumua pale dirishani, anapumua kwa pua, pua ile iliyovunjika ujanani inapiga filimbi nyembamba mwisho wa kila pumzi, miaka ishirini na mitano amelala ubavuni mwake na leo ndipo anaisikia, na katikati ya yote kuna hatua za Nereida sakafuni, hazina haraka, kisigino, kidole, kisigino, kidole, zinajua zinakokwenda, na kipande cha unga kimepandisha sauti, kimekuwa chembamba na cha kasi, sasa hivyo ndivyo yalivyo mafuta yaliyo tayari, ndiyo hiyo, na kitu kinatumbukizwa, polepole, kinalazwa, hakitupwi, na mafuta yanainuka yote kwa pamoja kama mvua inavyofika kwenye bati, kingine kinalazwa, cha pili, cha tatu, hakuna kilichopasuka, hakuna kilichoruka, hakuna mchuzi ndani wa kuruka, na Herminia moyo unampiga mpaka masikioni na bado anasikia, maana mlio ule si mmoja, alidhani ni mmoja, kelele za kukaanga, basi, kumbe kila kimoja kina wake, kile cha kwanza ni kizito, bado kina maji, kinabwabwaja, cha pili kimeanza kutulia, na mtoto huyu amekaa humu maisha yake yote, anawaza, siyo gizani, niliwaambia watu wote kwamba anaishi gizani, nilimwambia padri, nilimwambia kila mgeni, maskini mwanangu yuko gizani, na nilikuwa nimesimama mlangoni mwa nyumba yake napiga kelele, nikidhani ndani hamna kitu.

Aibu gani hii, na furaha gani hii, vyote pamoja, havitaki kukaa mbali. Na ataondoka. Ataondoka, na nikimwambia asiende nitamwambia kwa mdomo upi. Kwenye chumba cha Hermosillo watawasha jiko na Yuridia na miwani yake, na mafuta yatainuka hivi hivi, na simu italia, na atasikiliza, mtu atasema niko mahali fulani nimepotea, na atainamisha kichwa, atasikia barabara gani inapita nyuma ya yule mtu, atamwambia dereva, dereva ataenda, na mimi nitakuwa hapa na mlima wangu wa zambarau, nani nitamwambia... basi nitanyamaza, labda nitanyamaza, labda nitasikia mambo... na mafuta yanabadilika. Yanabadilika sasa hivi, chini ya kelele kuna kelele nyingine, mabwabwaja yanakonda, yanakuwa madogo, ya juu, maji yamekwisha kutoka, ngozi imekaza, kile cha kwanza kimenyamaza karibu kabisa, anakisikia, Mungu wangu anakisikia, kimeiva upande wa chini, kina rangi ile ile anayoijua na hajaitazama, yuko gizani na anaiona, na kama mtu aliyesukumwa mgongoni na mkono mwepesi, hajui kama limemponyoka au amelitoa, hajui na hatajua, anasema,

«Sasa.»

Na katika neno hilo hilo koleo limekwisha kugonga ukingo wa kikaango.

Kiganja cha Licha kinatua mezani. «Umeshindwa, wifi. Nimesikia, na kaka yangu dirishani amesikia. Umesema.» Na hakuna anayecheka, hata yeye mwenyewe, sauti inamwishia katikati. Mafuta yanaendelea. Hatua zimesimama. Herminia amekaa pale pale na mikono chini ya mapaja, machozi yanapita pembeni ya pua na kumwingia mdomoni, ya chumvi, na hayafuti, na anasubiri, naye walau mara hii moja anasubiri, na sauti ya Nereida inakuja kutoka kwenye joto, imelegea kidogo, haiko nyepesi tena.

«Mama. Nilikuwa nimeshakishika.»

«Najua,» anasema Herminia, macho bado ameyafumba. «Nimekusikia.»

Na kile cha kwanza kinageuzwa, na mafuta yanaanza upya.